Ni Nani Aketiye Langoni?

Leo tunataka kusema na wazazi na walezi walio na vijana wa miaka 13 hadi 18 nyumbani, na zaidi wale wa Kisumu Ndogo ya Kibera na wenzao wa Kawangware. Jambo lenyewe ni hili: tumrudi namna gani kijana mkaidi, katika siku hizi za simu na mitandao ya kijamii? Mwenye Biblia na afungue Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 13 hadi wa 18, aiweke karibu. Tutapita humo pamoja.

Wazazi wengi husema hivi: "Nimemchapa, nimemnyang'anya simu, hata nimemfungia nje usiku. Mbona habadiliki?" Asemaye hivyo si mzazi mzembe. Pengine ni mama anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kununua samaki wa kwenda kukaanga na kuuza. Pengine ni baba atembeaye kwa miguu kutoka Kibera hadi Viwandani kutafuta kibarua, na jioni arudi kwa miguu vile vile. Au ni dada wa Kawangware ambaye kutwa nzima hufua nguo za watu wa Lavington. Afikapo nyumbani amechoka, na humkuta kijana amelala kitandani, uso unamulikwa na simu, vyombo havijaoshwa. Akisemeshwa, hujibu kwa jeuri, au hajibu kabisa. Hasira humpanda mzazi, na mkono hutangulia neno. Kesho yake mambo ni yale yale.

Basi, kabla ya kuuliza adhabu iwe kali kiasi gani, yafaa tuulize swali la kwanza: kijana huyu analelewa na nani kati ya asubuhi na jioni?

Walezi wa zamani na mlezi mpya

Jina lenyewe la Kisumu Ndogo limebeba kumbukumbu. Wengi wakaao pale walitoka pande za ziwa na za Magharibi mwa Kenya, au ni watoto na wajukuu wa waliotoka huko. Na huko, katika boma la Mjaluo, kijana hakuachwa alelewe na baba na mama peke yao. Wasichana na watoto wadogo walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, na usiku bibi aliwafunza kwa hadithi, vitendawili na maonyo. Mambo ambayo mama huona haya kumwambia binti yake, bibi aliyasema waziwazi. Mvulana naye alipokua alikuwa na simba, nyumba yake ndogo, iliyosimama ndani ya boma la baba yake, karibu na lango. Waluhya nao walikuwa na desturi kama hiyo. Kijana alikuwa na uhuru wake, lakini aingiaye na atokaye alionekana.

Sasa kitazame chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10. Pazia ndilo ukuta kati ya wazazi na watoto. Hakuna siwindhe, wala hakuna mahali pa kujenga simba. Mvulana akibalehe, mara nyingi huombewa mahali pa kulala kwa rafiki. Bibi yuko Siaya au Vihiga. Mzazi yuko kazini tangu giza la asubuhi hadi giza la jioni. Kiti cha yule bibi kimebaki wazi, na kiti kilicho wazi hakikosi wa kukikalia. Kimekaliwa na simu. Humo kijana hupata hadithi, mzaha, nyimbo, na mafunzo juu ya mambo yale ambayo mama huona haya kuyasema. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: bibi alimjua mtoto yule kwa jina lake, na alimtakia mema.

Mwaka 2020 ulilizidisha jambo hili. Shule za Kenya zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Wengine walishikishwa simu kwa mara ya kwanza wakati huo ili wapate kusoma. Masomo ya simuni yalipokwisha, simu ilibaki mkononi.

Kwa hiyo tukisema kijana ameharibiwa na simu, tumesema nusu ya kweli tu. Nusu ya pili ni kwamba simu ilikuta kiti kitupu.

Absalomu aketi langoni

Tufungue sasa Maandiko. Katika Israeli ya zamani, lango la mji halikuwa mlango tu. Hapo wazee walikaa, kesi zilisikilizwa, habari zilipatikana. Aliyeketi langoni ndiye aliyesikiwa.

Absalomu alikuwa mwana wa Mfalme Daudi. Sote twamkumbuka kama kijana mwasi aliyemfukuza baba yake Yerusalemu. Lakini uasi ule haukuanza siku ile. Ulianza nyumbani. Tamari, dada yake, alitendwa jeuri na ndugu yao Amnoni. Mfalme alipopata habari alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni, wala kwamba alimfariji Tamari. Hasira ilikuwapo, haki haikuwapo. Absalomu alinyamaza miaka miwili, kisha akamwua Amnoni, akakimbilia Geshuri akakaa huko miaka mitatu. Baadaye mfalme akakubali arudishwe Yerusalemu, lakini akaagiza asimwone uso. Miaka miwili mizima Absalomu akakaa katika mji mmoja na baba yake bila kuonana naye.

Angalieni alichofanya. Alimwita Yoabu amwombee kwa mfalme, na Yoabu hakuja. Akamwita tena, hakuja. Ndipo akawaamuru watumishi wake walitie moto shamba la shayiri la Yoabu. Mara moja Yoabu akaja! Ndugu zangu, hapa kuna somo. Wako vijana wanaochoma shayiri. Anayetoroka shule, anayejibu kwa matusi, anayejipiga picha asizostahili kupiga, pengine ameita mara mbili na hakuna aliyekuja. Hatusemi kuchoma shamba ni haki. Shayiri ile ilikuwa ya mtu, na hasara ilikuwa hasara. Twasema tu kwamba moto una chanzo chake, na mzazi mwenye hekima huuzima kisha huuliza ulivyoanza.

Hatimaye mfalme alimpokea Absalomu akambusu, lakini hatusomi kwamba walizungumza. Wala Amnoni, wala Tamari, wala miaka mitano iliyopotea haikutajwa. Baada ya hapo twamwona Absalomu anaamka mapema na kusimama kando ya njia ya lango. Kila mwenye neno alimwita, akamwuliza atoka mji gani, akamwambia kwamba shauri lake ni jema ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Akamshika mkono, akambusu. Ndivyo alivyoiiba mioyo ya Israeli. Hakuiiba kwa upanga. Aliiiba kwa kusikiliza.

Mwenye kuketi langoni siku hizi

Sasa twaweza kueleza simu hufanya nini, kwa maana wazazi wengi huiogopa bila kuijua.

Kampuni zenye mitandao kama TikTok, Facebook na Instagram hupata sehemu kubwa ya fedha zake kwa matangazo ya biashara. Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu, ndivyo matangazo yanavyozidi kupita mbele ya macho yake. Kwa hiyo programu zao hupima kila jambo: ni video gani kijana ameitazama hadi mwisho, ni ipi ameiruka, ni wapi kidole chake kimesita. Kisha humletea nyingine za namna hiyo hiyo, na nyingine tena, bila kufika mwisho. Binti akisita kidogo penye video ya msichana anayelia kwa kuachwa, ataletewa vilio kumi. Kijana akisita penye mchezo wa kamari, kamari itamfuata. Hakuna mtu anayemchukia mtoto wako huko ndani. Kuna mashine iliyojifunza kumwuliza ametoka mji gani, na kumwambia shauri lake ni jema.

Juu ya hayo kuna alama za kupendwa. Mtoto asiyesifiwa nyumbani kwa mwezi mzima huweka picha moja, na katika saa moja watu 40 wamemsifu. Je, twashangaa kwamba moyo wake uko huko?

Kanuni za mitandao hiyo zinataka mtumiaji awe na umri usiopungua miaka 13, lakini mtoto wa miaka 10 huandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa, na mlango ukafunguka. Hata serikali kubwa zimeona ugumu huu. Australia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, nayo ikaanza kutumika Desemba 2025. Lakini sheria ya nchi hailali chumbani mwako. Wewe ndiwe ulalaye humo.

Tena tusiseme kwamba kila linalosemwa langoni ni uongo. Watu waliomjia Absalomu walikuwa na mashauri ya kweli. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya waliitana kwa TikTok na X wakatoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni watu waliuawa. Wako wazazi waliogundua siku hiyo kwamba mtoto waliyedhani yumo ndani yuko katikati ya jiji, katika moshi wa mabomu ya machozi. Mzazi mmoja aweza kuona haki, mwingine akaona ukaidi. Sisi twauliza hivi tu: kijana wako alipokuwa akiwaza mambo mazito kama haya, yanayogusa hata uhai wake, alikuwa akiyazungumza na nani?

Makosa mawili ya wazazi katika Biblia

Liko kosa la Eli kuhani. Wanawe Hofni na Finehasi walifanya maovu hadharani, naye alisema nao, akawaonya kwa maneno mazuri. Hakuwazuia. Maneno bila tendo ni kama ngoma ya jirani. Mwanzo husikika, mwisho huzoeleka. Yuko mzazi anayesema "Nitaichukua hiyo simu!" kila siku tangu Januari hadi Desemba, na haichukui. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na liko kosa la Daudi. Mwana wake mwingine, Adoniya, naye aliasi, na Maandiko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme 1:6 yatufahamisha kwamba hakuna siku baba yake alimkalisha chini akamdai sababu ya matendo yake. Kwa Absalomu Daudi alifunga mlango. Kwa Adoniya aliuacha wazi bila mlinzi. Mlango uliofungwa na mlango usio na mlinzi, yote mawili yalimfanya baba kuwa mgeni kwa mwanawe.

Je, fimbo? Mithali 13:24 hunukuliwa sana. Lakini neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa fimbo ndilo lililotumika katika Zaburi ya 23, ambako fimbo ya mchungaji humfariji kondoo. Mchungaji huitumia kuongoza, kuhesabu na kumfukuza mbwa mwitu. Na Paulo, katika Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Sheria ya nchi nayo ina neno. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, yamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na kifungu cha 53 chamkinga mtoto na kila namna ya ukatili. Kifungu hicho hicho chasema ulezi ni wajibu wa mama na baba sawasawa. Baba anayetuma fedha tu kisha hupiga simu mara moja kwa mwezi kuuliza "Huyo mtoto wako amefanya nini tena?" na akisome.

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima hapa. Kumrudi mtoto ni kumwadibu. Na kurudi ni kuja tena nyumbani. Neno ni moja. Marudi yanayomfanya mtoto asirudi hayajawa marudi bado.

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, keti langoni wewe mwenyewe. Huna saa nyingi, twajua. Lakini unazo dakika 20 za kuchambua omena au kukata sukuma wiki. Mwite kijana akusaidie, na umwombe akuonyeshe video iliyomchekesha leo. Usimhubirie wakati huo. Mjue anamfuata nani, anaandikiana na nani. Mzazi asiyejua jina la rafiki hata mmoja wa mtoto wake mtandaoni hawezi kumwonya juu ya rafiki mbaya.

Pili, iwe sheria moja kwa nyumba yote. Saa tatu usiku simu zote ziwekwe mahali pamoja, pale penye soketi ya kuchaji, ya baba na ya mama zikiwamo. Kijana hatakubali kwamba simu ni hatari ikiwa mama hulala nayo kifuani akitazama WhatsApp. Na namba yako ya siri ya M-Pesa iwe siri kweli, hata kwa mtoto umtumaye dukani. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini wako wanaocheza kwa simu ya mama na kwa akiba ya kodi ya nyumba.

Tatu, adhabu ijulikane kabla ya kosa, ilingane na kosa, na iwe na siku ya mwisho. Tuseme kijana ametoa shilingi 500 katika M-Pesa yako bila ruhusa. Usimpige, na usinyamaze. Mwambie: "Simu yako itakaa kwangu siku saba. Na zile 500 utazilipa kwa kuchota maji na kunisaidia kibandani kila Jumamosi mpaka ziishe." Siku ya saba ikifika, mrudishie simu kama ulivyoahidi, hata kama bado una uchungu. Adhabu isiyo na mwisho humfundisha mtoto jambo moja tu, yaani kutafuta njia ya kuizunguka. Ndiyo sababu kuvunja simu hakusaidii. Akaunti yake haikai ndani ya kile kioo ulichopasua. Ataifungua kwa simu ya rafiki au katika saiba, na tofauti itakuwa kwamba sasa wewe huioni. Umepoteza simu na dirisha pamoja.

Nne, usimwaibishe mbele ya watu. Umezuka mtindo mbaya wa mzazi kumpiga picha mtoto wake akilia, akamweka kwenye status ya WhatsApp ili ndugu wote waone. Wengine humchapa mtoto plotini, majirani wakitazama. Bwana wetu katika Mathayo 18:15 aliagiza aliyekosa aendewe kwanza faraghani. Ikiwa ndugu wa kanisani anastahili heshima hiyo, je, mtoto wa tumbo lako? Picha ya aibu haifutiki. Leo yuko darasa la saba. Siku moja ataomba kazi, na picha ile itakuwa bado inazunguka.

Tano, mwache ajue mlango wa kurudi uko wapi. Mwambie leo, kabla halijatokea lolote: "Siku ukiingia katika shida, saa yoyote, njoo uniambie. Usiku huo hutapigwa wala kufukuzwa. Makosa tutayazungumza kesho yake." Kisha ulitimize neno hilo.

Usiku wa shida

Twalikaza jambo hili la tano kwa sababu hapo ndipo uhai wa mtoto huwa hatarini. Chukua mfano wa msichana wa miaka 15. Mtu asiyemjua amemsifu kwa majuma mengi, akajiita rafiki, mwishowe akampata kumtumia picha ya mwili wake. Sasa amegeuka. Anadai fedha, au anadai picha zaidi, la sivyo ataisambaza kwa wanafunzi wenzake. Saa sita ya usiku msichana huyo analia chini ya blanketi, na mama amelala hatua mbili kutoka kwake. Je, atamwamsha mama? Jibu la swali hilo liliandikwa zamani, siku alipovunja sahani, siku alipopata alama mbaya, siku alipochelewa kurudi. Ikiwa kila mara alipokosa alikutana na mwiko na matusi, hatamwamsha. Ataendelea kumtii yule mtu wa langoni. Wako watoto ambao, katika usiku kama huo, wamejidhuru wenyewe.

Lakini ikiwa atakuamsha, fanya hivi. Mshukuru kwa kusema. Msilipe fedha, wala msitume picha nyingine, maana atakayelipwa mara moja atadai tena. Msifute ujumbe wala namba ya mtu huyo, ni ushahidi. Pigeni simu 116, namba ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, isiyo na malipo na iliyo wazi usiku na mchana. Asubuhi nendeni kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto. Sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa kompyuta na mtandao yakataza kusambaza picha za siri za mtu, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamlinda mtoto na udhalimu wa mtandaoni. Nawe usiitume picha ile kwa mtu yeyote, si kwa shangazi, si kwa mwalimu, si kwa kundi la maombi "ili watuombee". Kusambaza picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa, hata nia ikiwa njema. Kisha, siku nyingine, mambo yakiwa yametulia, zungumza naye juu ya kosa lake mwenyewe, na umrudi. Lakini siku hiyo si usiku huo.

Vivyo hivyo, kijana akiingia katika madawa, au genge, au akianza kusema kwamba afadhali afe, usidhani ni ukaidi wa kawaida wa kutibiwa kwa kunyang'anywa simu. Tafuta msaada upesi, kwa 116, kwa zahanati, kwa mchungaji wako.

Kazi ya kanisa

Mwisho, neno kwa wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika. Katika Kumbukumbu la Torati 21 kuna sheria nzito juu ya mwana mkaidi, ambayo sisi tulio chini ya neema hatuitekelezi. Lakini tazameni utaratibu wake. Hasira ya baba peke yake haikutosha. Ilibidi baba na mama wawe pamoja, wawe wamekwisha kumwonya, na walilete neno kwa wazee, langoni. Hakuna mzazi aliyeachwa aamue peke yake usiku mmoja wa ghadhabu.

Leo wako akina mama wanaolea peke yao vijana watatu katika chumba kimoja, na hukutana na wazee wa kanisa siku ya sadaka tu. Basi kanisa na liwe siwindhe yao. Jengo la mabati linalokaa tupu tangu Jumatatu hadi Jumamosi na lifunguliwe alasiri wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Awepo bibi mmoja mwenye masikio, na kijana mmoja mkomavu anayeijua mitandao, na chai ikipatikana. Msianze kwa mahubiri. Anzeni kwa kuwauliza watoka mji gani, na shauri lao ni lipi. Absalomu alijua kuuliza hivyo kwa hila. Kanisa halishindwi kuuliza kwa upendo.

Twajua Absalomu alivyoishia. Alinaswa katika mti msituni, akauawa, na mfalme akapanda chumba cha juu ya lango akalia, akitamani afadhali angalikufa yeye badala ya mwanawe. Angalieni mahali alipolilia: juu ya lango. Alikuja langoni, lakini alikuja na machozi, wakati mwana hayupo tena wa kusema naye. Katika Luka 15 Bwana Yesu atuonyesha baba mwingine. Huyo alimwona mwanawe tangu mbali, maana yake macho yake yalikuwa njiani. Alikimbia kumpokea kabla kijana hajamaliza maneno yake ya toba. Wapenzi, jioni hii ukifika nyumbani, kabla ya kuuliza vyombo, muulize mtoto jambo moja la siku yake, kisha uketi ulisikie.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe uliyetusubiri sisi tulipokuwa mbali, wape wazazi wa Kisumu Ndogo na Kawangware subira baada ya kazi nzito. Uzuie mkono wa hasira, uutie nguvu mkono wa adabu. Walinde vijana wetu na sauti ngeni, na uwarudishe kwetu na kwako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.